Jina Lililongoja Mtoto

Jumamosi, 8 Juni

Mama Afisa Limpho wa ustawi wa watoto, umeniachia daftari hili na kalamu ya wino mweusi, ukasema niandike watoto wanavyoendelea likizo hii ya baridi, kwa kuwa mkwe wangu, mke wa mwanangu, hushinda zahanati akifunga watu vidonda na mimi ndiye ninayeshinda nyumbani nikiota moto. Sawa. Basi la kwanza lijue hili: watoto hawa wameingia nyumba hii kwa sababu mimi, Khoabane, nilisimama mbele ya ukoo nikasema, "Waje!" Wengine wote walikuwa wamejikunyata kama kuku walionyeshewa.

Baada ya uji. Mkwe wangu amelisoma hilo juu ya bega langu.

"Baba," amesema, "huo ni uongo, na umeuandika kwa kalamu ya serikali."

Basi nakiri. Nilikataa miaka miwili. Nilisema damu ya watu haichemki katika chungu changu. Nilisema na mengine, lakini wino ni wako, sitaki kuumaliza. Mwaka huu nilichoka kukataa, nikanyamaza, na mwanangu Moeketsi akaja kutoka migodini siku mbili akatia sahihi zake akarudi. Kimya changu wamekihesabu kuwa ndiyo.

Usishangae mwandiko. Nilisoma hadi darasa la nne, mwalimu akasema nimetosha. Hakusema nimetosha nini. Kule migodini nilikuwa nawaandikia wenzangu barua za wake zao, na waliponipa maneno baridi niliyatia pilipili. Ndoa tatu zilipona, moja ikavunjika. Kuandika najua.

Watoto ni hawa: Selloane, miaka kumi, na mdogo wake Mosa, minne. Mosa anaongea hata akiwa na chakula mdomoni. Selloane hajanipa neno hata moja. Wamekuja na mfuko mmoja wa nailoni wa buluu, umefungwa kwa kamba, na Selloane ameuweka nyuma ya mlango.

"Fungua, mwanangu," mkwe wangu alimwambia, "nguo zikae kabatini."

"Zimeshazoea mfuko," akajibu.

Ulinieleza kwamba nyumba mbili zimewahi kuwachukua na kuwarudisha, na kwamba tarehe kumi na tisa Julai utakuja umuulize Selloane peke yake, nje, kama anataka kubaki. Akisema hapana, unaondoka nao. Nimesikia. Mkwe wangu naye alisikia. Tangu uondoke ameosha vyombo vilevile mara mbili.

Na ile fimbo yangu uliyoazima ushuke nayo hadi kwenye gari kwa sababu ya utelezi, iache dukani kwa Tšolo kama ulivyoahidi.

9 Juni

Mosa ameuliza kwa nini nina nywele masikioni. Nimemwambia hayo ni majani, ndani kuna kondoo wanalisha. Ameshinda siku nzima akinichungulia na kuwaita.

10 Juni

Baridi. Selloane kimya. Fimbo haijafika dukani.

12 Juni

Mkwe wangu amekuta vipande vya mkate chini ya mto wa Selloane. Alikuja jikoni navyo kwenye kiganja, macho yamejaa maji. "Baba, kwani nawanyima?"

"Rudisha ulipovitoa," nikamwambia. Nililala bweni moja na watu arobaini huko migodini, na mwaka mzima sikulala bila kipande cha mkate ndani ya soksi. Anayeficha mkate hajasema unamnyima. Anajiuliza tu kesho utakuwa umemchoka.

Alipokwenda kazini nilinyata nikaongeza andazi moja pale chini ya mto, zima, la sukari.

14 Juni

Leo nimeinua mto wangu nikakuta nusu ya andazi, imefungwa kwenye karatasi. Nimeila.

16 Juni

Neno la kwanza! Niliandike lote.

Nilikuwa nimechora mistari ya morabaraba juu ya jiwe bapa la uani, nikatafuta kokoto zangu kumi na mbili nyeupe na zake kumi na mbili nyeusi. Sisi kokoto tunaziita ng'ombe. Ukipanga tatu katika mstari unaua mmoja wa mwenzako. Nikamwonyesha kwa vidole, maana mtu asiyeongea nami siongei naye, nina heshima zangu. Akashika haraka. Haraka mno. Nikaona naelekea kuaibika, basi alipogeuka kumfuta Mosa kamasi nikasogeza ng'ombe wangu mmoja kidogo, hivi tu, kama upepo.

Akarudi. Akatazama ubao. Akanitazama mimi.

"Babu, umeiba."

Siku nane zote, na neno lake la kwanza kwangu ni la polisi. Nimecheka hadi nikakohoa. Nilimwambia ndivyo mchezo ulivyo, akasema sivyo, nikasema mimi nimeucheza miaka sitini, akasema basi nimeiba miaka sitini. Mama Afisa, mtoto huyu ana akili.

17 Juni

Amenishinda mara nne.

20 Juni

Upepo umebeba ndoo ya jirani. Selloane amelala bila viatu, mkwe wangu amesema. Tangu waje alikuwa akilala navyo. Mfuko bado uko nyuma ya mlango, umefungwa.

24 Juni

Dada yangu Ntsoaki amekuja kwa farasi, ana miaka sabini na tisa na anapanda kama mwizi wa mifugo. Hakushuka hata vizuri.

"Wako wapi hao?"

"Wanakusanya samadi kavu ya kuwashia moto."

"Ukoo wao upi?"

"Ukoo wa walaji. Unga umeisha."

"Khoabane, umezeeka lakini ujinga wako bado kijana. Watoto hawawezi kula chakula cha nyumba hii bila kondoo. Wazee wetu waliolala nyuma ya zizi wajulishwe. Utawaambia nini siku ukifika kwao, kwamba uliweka watu ndani kimyakimya kama pombe ya magendo?"

Kwa mara ya kwanza tangu tuwe watoto, dada yangu amesema kweli. Tumekubaliana Jumamosi ya tarehe sita Julai. Kondoo nitatoa mimi, yule dume mweupe. Jike siligusi, lina mimba.

Na hapo ndipo fikra yangu kubwa ilipozaliwa. Wewe ni wa mjini, labda huko mmeshasahau, basi nikukumbushe. Bibi arusi akiingia kwetu, baba mkwe humpa jina jipya, jina la mtoto ambaye hajazaliwa bado; mtoto akija hulikuta jina lake mlangoni, kama blanketi lililotandikwa tayari. Mimi mkwe wangu nilimwita Mama Palesa. Palesa alikuwa mama yangu. Miaka kumi na minne sasa jina limetandikwa na hakuna aliyelilalia. Ndiyo maana nilikataa watoto wa watu, ukitaka kujua. Nilikuwa namngoja Palesa.

Sasa naona nilikuwa mpumbavu. Palesa ameshafika, ana miaka kumi na ananishinda morabaraba. Siku ya kondoo nitampa jina la mama yangu mbele ya watu wote. Sitamwambia mtu. Nataka waone uso wangu ukiwaka.

29 Juni

Theluji ya kwanza. Mosa amekula nyingi mno, anaumwa tumbo. Mkwe wangu amechachusha mtama wa pombe. Leo Selloane alinitengenezea pini ya blanketi bila kuombwa. Najizuia kusema siri yangu, ulimi unaniwasha.

2 Julai

Morabaraba: yeye tatu, mimi moja. Hiyo moja sikuiba. Niliiba kidogo.

Jumapili, 7 Julai

Goti langu limevimba kama kichwa cha mtoto. Haya ninayaandika leo, kabla sijapata nafasi ya kuyapaka asali.

Jana watu walijaa uani. Kondoo alichinjwa asubuhi, na Ntsoaki akawamwagia watoto nyongo miguuni kama inavyopasa. Akawaambia waliolala nyuma ya zizi, "Hawa ni wenu. Msiwaulize walikotoka, wapokeeni tu." Mosa aliuliza kama wafu wanapenda miguu baridi. Selloane alisimama wima, kidevu juu. Mkwe wangu alikuwa akimtazama kama mtu anayeota jua.

Ndipo nikasimama. Nilikuwa nimevaa blanketi langu la sherehe na kofia ya majani. Nikasema: "Jamani, nyumba hii imeita Palesa miaka kumi na minne, na Palesa hakusikia. Leo amesikia. Mtoto huyu kuanzia sasa haitwi tena Selloane. Huyu ndiye Palesa, jina la mama yangu, jina lililomngoja!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Ntsoaki mwenyewe alitoa machozi. Nilijiona mrefu kama mlima.

Selloane akangoja vigelegele viishe. Akauliza taratibu, kwa adabu kabisa:

"Na Selloane ataenda wapi?"

Mama Afisa, watu walikuwa wananitazama. Mimi watu wakinitazama sina breki. Nikasema: "Huyo tutamrudisha na gari la afisa!"

Watu walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Mama yangu aliyeniachia jina hilo alikuwa akisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na nilikuwa nasikia akisema, na bado nacheka.

Nyama ilipogawiwa sahani mbili zikabaki zimejaa. Mkwe wangu aliingia ndani akatoka amekuwa rangi ya majivu. "Mfuko haupo," akasema.

Theluji ilikuwa inaanza tena, ile nyembamba inayochoma. Vijana walipanda farasi wakashuka mbio kuelekea darajani, barabara ya magari, maana walisema mtoto anayekimbia hushuka. Mimi nilibaki uani na aibu yangu. Nikazunguka nyuma ya zizi kwenda kuwaambia wafu kwamba nimeharibu, na hapo nikaona nyayo ndogo, jozi mbili, zimepanda juu kwenye kile kibanda cha mawe cha wachungaji. Nikapiga kelele, hakuna aliyenisikia. Nikapanda bila fimbo. Unajua ilipo fimbo.

Kibanda hicho, ukikaa mlangoni, unaiona barabara yote hadi inapopinda. Nilipokuwa hatua ishirini hivi nikawaona. Wamekaa mlangoni chini ya blanketi moja, mfuko magotini mwa Selloane, macho yote manne barabarani.

"Mnafanya nini hapo?" nikaita.

Mosa ndiye aliyejibu. "Tunangoja gari! Ulisema linakuja kumchukua Selloane. Na mimi naenda naye."

Nikataka kukimbia. Mzee wa miaka sabini na nne, juu ya barafu! Miguu ilitangulia mbinguni na mgongo ukabaki duniani. Nikalala chali kama mende, kofia ikashuka mlima peke yake. Goti likalia. Sikuweza kuinuka.

Kutoka pale chini nilimwona Selloane amesimama na mfuko mkononi. Akautazama mfuko. Akanitazama mimi. Akatazama barabara. Naapa kwa kaburi la mama yangu, sikutoa sauti, sikumwita. Mara moja katika maisha yangu nilinyamaza. Akauweka mfuko chini.

Akaja. "Babu, fimbo yako iko wapi?"

"Iko kwa afisa."

"Basi shika hapa." Akanipa bega.

Tulijikokota hadi kibandani tukaketi watatu, Mosa katikati akitupasha joto kwa maneno. Nikajaribu kuomba radhi, lakini sijazoea, ikatoka kama malalamiko.

"Nilikupa kitu kizuri kuliko vyote nilivyonavyo."

"Najua, Babu."

"Sasa?"

Akakung'uta theluji kwenye mfuko. "Mama alitushonea nguo, akatupa majina. Nguo zimekuwa ndogo. Jina bado linanienea."

Mimi ni mtu wa majibu. Uliza kijiji kizima. Pale nilimfunika Mosa miguu tu.

Tukateremka polepole, uzito wangu wote juu ya bega la mtoto, Mosa nyuma akiburuta mfuko kwenye theluji na kuukaripia. Chini ya zizi mkwe wangu alitukuta, anapanda mbio, kichwa wazi, bila hata blanketi. Alipiga magoti pale pale akamkumbatia. Hakusema kingine isipokuwa, "Selloane. Selloane. Selloane." Mimi hakunitazama.

Mfuko umerudi nyuma ya mlango. Kamba imefungwa mafundo mawili.

8 Julai

Goti. Hakuna morabaraba. Selloane anapita pembeni yangu kama anayepita mbwa asiyemjua vizuri.

9 Julai

Nilimwita mkwe wangu aniletee maji ya moto ya goti. "Mama Palesa!" Hakuitika. Nikaita tena. Akaja na beseni, akaliweka chini, akabaki amesimama. Huwa hasimami hivyo mbele yangu.

"Baba, leo naomba nikuambie kitu, na usinikatize kwa mzaha."

"Sema."

"Kule zahanati wanawake huja na watoto mgongoni. Wananiambia, Mama Palesa, hebu nishikie huyu kidogo. Njiani wananiambia, Mama Palesa, umeamkaje? Kila salamu inaniuliza Palesa yuko wapi. Miaka kumi na minne nimeitika, kwa sababu jina ulinipa wewe, na ulinipa kwa mapenzi. Lakini Baba, usimtwike mwanangu mzigo nilioubeba mimi. Bado siku kumi afisa aje. Mtoto akisema anaondoka, sitakulaumu. Ila sitaitika tena."

Akaondoka. Maji yalipoa nimeyaangalia tu.

Miaka yote hiyo nilipokuwa naita Mama Palesa, Mama Palesa, kwa sauti kubwa uani, nilidhani namsaidia. Nilidhani mtoto huko aliko atasikia jina lake aje. Kumbe nilikuwa napigilia msumari palepale kila asubuhi. Naye analeta uji, anapiga goti, anasema, "Karibu, Baba." Nimeishi na mwanamke huyu miaka kumi na minne, na leo ndiyo nimekutana naye.

11 Julai

Kondoo jike amezaa asubuhi, mmoja, mweupe. Nimemtuma mtu amwite Ntsoaki. Amekuja akidhani nakufa. Nimeona amevunjika moyo kidogo.

Nikamwambia nataka kulivua jina nililompa mkwe wangu na kumvika jingine.

"Jina la bibi arusi si kofia, ulivue jua likizama," akasema.

"Mimi ndiye niliyelivisha."

"Watu watasema ulikosea."

"Watasema kweli."

Akaniangalia sana. "Tangu lini wewe ukakubali kosa? Ulipotumbukia kwenye pipa la pombe ulisema pipa limekuvamia."

"Lilinivamia. Hili ni tofauti."

"Na kondoo? Huwezi kufanya neno kama hilo bila damu, na dume tumeshamla."

"Nina kuku."

"Kuku!" Alitamka kama mtu anayetema mbegu. "Mama atageuka kaburini."

"Ageuke. Upande ule mmoja amelalia muda mrefu."

Aliniita majina ambayo siwezi kuyaandika kwenye daftari la serikali, halafu akacheka, akajifuta macho, akasema kuku awe mnene.

12 Julai

Moeketsi amepiga simu toka mgodini. Nimemweleza yote. Akasema, "Baba, wewe mwite utakavyo, mradi aitike." Mwanangu ana akili kumbe. Ya mama yake.

13 Julai

Leo nilimwita Selloane zizini. Nilikuwa nimeshika nguzo ya lango, maana goti bado. Alikuja akasimama mbali.

"Nataka kuazima jina lako," nikamwambia.

Uso ukafunga.

"Ngoja. Silichukui. Wewe unabaki nalo zima, hakuna atakayelikata hata pembe. Nataka kumpa mama wa nyumba hii alivae, hivi: Mama Selloane. Ukikataa, tunaacha, na kuku ataniombea."

Akafikiri. Huyu mtoto anafikiri kama anayevuka mto, hatua kwa hatua. "Atalitunza?"

"Muulize mwenyewe."

"Na wewe hutatania?"

"Nitajaribu."

"Babu."

"Sitatania."

Akavunja kijiti cha majani makavu, akakivunja tena. Mwishowe akasema, "Alikuja mbio bila blanketi." Akakitupa kijiti. "Basi aazime," akasema.

Jumapili, 14 Julai

Watu ni walewale, ila safari hii walikuja kutazama mzee akijivua nguo. Kuku alichinjwa. Alikuwa mnene.

Nilivua kofia. Nikasema, "Jumamosi ile nilikosea."

Jirani yangu Mohapi akaweka kiganja sikioni. "Rudia, sikusikia."

"Umesikia, Mohapi."

"Nimesikia, lakini ni tamu. Rudia."

Nikarudia. Nikasema jina Palesa nalirudisha kwa mama yangu, na namshukuru kwa kutuazima. Nikasema mtoto alikuja na jina lake, na kwamba safari hii ni mama aliyelikuta jina mlangoni. Halafu nikaita, kwa sauti ileile ya miaka kumi na minne:

"Mama Selloane!"

Selloane hakunitazama mimi. Alimtazama yeye, aone kama ataitika.

Mkwe wangu alikuwa karibu na moto, mwiko mkononi. Akafunika uso kwa aproni. Mwiko ukaanguka. Kisha akaitika, "Abee!" kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti ya msichana aliyeitwa na wenzake waende kucheza.

Selloane akaokota mwiko, akaupangusa, akampa. Ni hilo tu. Hakukuwa na kukumbatiana wala nini, usinitilie maneno. Akampa mwiko.

Mosa akauliza nani sasa atachukua jina la Palesa kama hakuna anayelitaka. Kabla sijajibu akasema amempa yule mwanakondoo. Ntsoaki akataka kumchapa. Nikamwambia amwache: mama yangu naye alikuwa mweupe kichwani, mkaidi, na alilia akicheleweshewa chakula.

15 Julai

Theluji. Nimeshindwa mara tano. Sikuiba hata mara moja, ndiyo maana.

16 Julai

Asubuhi nilitazama nyuma ya mlango nikaona mfuko haupo. Moyo ukashuka hadi kwenye goti bovu. Nikatoka nikishikashika ukuta, nimesahau hata kofia.

Nikamkuta Selloane anapanda kutoka zizini na mfuko wa buluu mgongoni, umejaa, umetuna, Mosa anausukuma kwa nyuma.

"Unaenda wapi na mfuko?" Sauti yangu haikuwa nzuri.

"Jikoni, Babu. Ndoo imetoboka." Akaushusha, akaufungua. Samadi kavu hadi juu, vipande vizuri vya kuwashia moto, na vingine havijakauka sawasawa. "Mama alisema moto utakwisha."

"Na nguo zenu?"

"Ziko kabatini." Alinijibu kama mtu anayeulizwa maji yako wapi naye amesimama mtoni.

Nimeunusa mfuko huo, Mama Afisa. Hakuna mtu atakayesafiri nao tena.

17 Julai

Mosa ameingia na mwanakondoo kitandani kwangu. Kuna jambo limetokea kwenye blanketi. Silielezi.

19 Julai

Leo ndiyo siku yako. Mama Selloane aliamka alfajiri akapaka sakafu udongo, akawavika watoto sweta mpya, akakaa ameelekea barabara. Saa nne simu ikaja: njia ya mlimani imezibwa na theluji, gari halipandi, utakuja wiki ijayo au ile nyingine. Mkwe wangu aliketi akacheka hadi akalia. Selloane akasema, "Kwa hiyo sweta tuvue?" Wakavua, wakaenda kukusanya samadi.

Jumapili, 21 Julai

Kesho shule inafunguliwa, nami nitampa Tšolo daftari hili alitume na gari la mkate, njia ikifunguka. Jina la Selloane limeandikwa shuleni, la kwake lilelile, na kwenye nafasi ya mzazi wameandika Mama Selloane. Mwalimu alisema imependeza, inasomeka vizuri.

Wewe ulitaka kumuuliza swali lako nje, peke yake. Njoo umuulize, uji upo. Mimi sikumuuliza, si kazi yangu. Nitakuandikia tu aliyoniuliza yeye jana, tukitoka zizini, mkono wangu begani kwake kama ilivyo kila siku tangu nianguke.

"Babu, Jumatatu nikienda shule, nani atakushika?"

"Sijui. Nitatambaa."

"Nitakupeleka zizini kabla sijaondoka. Unikalie hapo hapo. Nikirudi saa nane nakuchukua."

"Nitaganda, mwanangu! Utakuta barafu yenye masharubu."

Akatembea hatua kadhaa akifikiri. "Na Jumanne pia nitaenda," akasema. "Na wiki ijayo. Na mwaka ujao niko darasa la tano." Akasimama. "Mwambie yule mama arudishe fimbo."

Umesikia, Mama Afisa. Ni ya mzeituni mwitu, ina alama ya meno ya mbwa karibu na kishikio. Ukishindwa kupanda, mpe dereva wa mkate aiache dukani kwa Tšolo.